Chupa ya sh. 150 inaweza kuwa ghali kuliko ya sh. 170

Mwenye kiwanda anapoletewa kifungashio au kipuri kwa bei iliyo chini ya gharama yake mwenyewe ya kukitengeneza, wazo la kwanza linalomjia ni kufunga kitengo chake na kuanza kununua. Wengi hufanya hivyo na kugundua baadaye, mashine ikiwa imekwisha kuuzwa, kwamba faida iliyoonekana kwenye karatasi haikufika benki.

Tuchukue kiwanda cha maji ya kunywa cha ukubwa wa kati jijini Dar es Salaam. Takwimu tutakazotumia ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio unaokutwa katika vitabu vya viwanda vingi. Kiwanda hiki kinatumia chupa 200,000 za nusu lita kwa mwezi. Kinanunua prifomu, yaani vile vichupa vidogo vinene vya plastiki vyenye shingo iliyo tayari kwa kizibo, kinavipasha moto na kuvipuliza kwa hewa ya nguvu ndani ya kalibu mpaka vinakuwa chupa kamili. Siku moja anakuja muuzaji na barua: atakuwa analeta chupa zilizokwisha kupulizwa, mpaka mlangoni, kwa sh. 150 kila moja.

Mwenye kiwanda anamwita mhasibu wake. Mhasibu anatoa karatasi ya gharama za chupa moja:

Prifomu: sh. 95
Umeme: sh. 14
Vibarua: sh. 11
Mshahara wa msimamizi wa kitengo: sh. 6
Uchakavu wa mashine: sh. 20
Mgawo wa gharama za jumla: sh. 24
Jumla: sh. 170

Hesabu inaonekana nyepesi. Sh. 170 kutoa sh. 150 ni sh. 20. Zidisha kwa chupa 200,000, unapata sh. milioni 4 kwa mwezi, sh. milioni 48 kwa mwaka. Nani ataziacha milioni 48?

Kumbe hakuna milioni 48. Akikubali barua ile, kiwanda kitapoteza sh. milioni 4.8 kila mwezi.

Swali ambalo karatasi haikuulizwa

Mhasibu hakukosea. Karatasi yake ilitengenezwa kujibu swali jingine. Anapofunga hesabu za mwaka hutakiwa kuonyesha thamani ya mali iliyo ghalani, na kanuni za kimataifa za uhasibu huelekeza kwamba thamani hiyo ibebe gharama zote za uzalishaji, pamoja na zile za kudumu. Wahasibu wengi wa viwanda vyetu huongeza humo hata mgawo wa ofisi, ili bosi asije akauza chini ya gharama. Kwa kazi hiyo sh. 170 ni namba nzuri. Kwa kazi ya kuamua kama kitengo kifungwe, ni namba ya kupoteza njia.

Uhasibu wa uongozi, ule unaofanywa kwa ajili ya maamuzi ya ndani na si kwa ajili ya benki au TRA, huuliza jambo moja tu kwa kila mstari wa karatasi: nikianza kununua kesho, je, fedha hii itaacha kutoka mfukoni?

Tuipitie karatasi kwa jicho hilo. Prifomu itaacha kununuliwa, hilo halina ubishi. Umeme wa kupasha na wa kompresa nao utaacha, ingawa hapa inafaa kuitazama ankara ya TANESCO kwa makini, kwa sababu wateja wakubwa hulipia uniti walizotumia na pia kiwango cha juu cha mzigo walichofikia katika mwezi. Kompresa za kupulizia chupa ni mlaji mkubwa. Zikizimwa, huenda pande zote mbili za ankara zikashuka, au huenda mashine ya kujazia ikaendelea kuushikilia ule mzigo wa juu. Tuseme sh. 14 zote zinaokolewa.

Vibarua wa siku wanaondoka na ujira wao. Wangekuwa wameajiriwa kwa mkataba wa kudumu, habari ingekuwa nyingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai notisi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Msimamizi, ambaye mshahara wake ni sh. milioni 1.2 kwa mwezi, ataokolewa kama kweli ataachishwa. Kama atahamishiwa ghalani kwa mshahara ule ule, hakuna kilichookolewa. Tumpe muuzaji faida ya shaka na tuseme ataachishwa.

Mpaka hapo tumefika sh. 126.

Sasa uchakavu. Mashine, kompresa na kalibu vilinunuliwa miaka miwili iliyopita kwa sh. milioni 240, na mhasibu amezigawa kwa miaka mitano, yaani sh. milioni 4 kwa mwezi, ambazo kwa chupa 200,000 ni sh. 20 kila chupa. Fedha hiyo ilitoka siku mashine iliponunuliwa. Ukipuliza chupa, imetoka. Usipopuliza, imetoka. Kununua chupa kwa jirani hakuirudishi hata senti. Wenye elimu hii huiita gharama iliyokwisha kuzama, na mtu hamwagi nyavu baharini kutafuta kilichozama mwaka juzi.

Mgawo wa gharama za jumla nao ni vivyo hivyo. Ni pango la jengo, ulinzi, mshahara wa meneja, mafuta ya gari la ofisi, simu. Mhasibu ameugawa kwa kila kitengo ili ubebwe na mtu. Kitengo cha chupa kikifungwa, mlinzi hapunguziwi mshahara na mwenye jengo hashushi pango. Zile sh. 24 zitahama tu kutoka kwenye chupa na kwenda kukaa juu ya maji.

Kwa hiyo mwenye kiwanda akinunua atalipa sh. 150 kwa muuzaji, na bado atabaki na sh. 44 za uchakavu na mgawo. Jumla ni sh. 194 dhidi ya sh. 170 za sasa. Tofauti ni sh. 24 kwa chupa, na kwa chupa 200,000 ni zile sh. milioni 4.8 tulizozitaja. Kwa mwaka ni sh. milioni 57.6.

Mashine ikiuzwa je?

Msomaji makini atauliza: na mashine yenyewe si inauzika? Ni kweli, na hilo ni tofauti kabisa na uchakavu. Bei iliyonunuliwa imekwisha, lakini bei ya kuuzia leo ni fedha halisi. Tuseme anapatikana mnunuzi wa sh. milioni 60. Mashine ina miaka mitatu mbele yake, na kwa miezi hiyo 36 hasara ya kununua chupa ni sh. milioni 172.8. Milioni 60 ya leo haifidii hilo. Angepatikana mtu wa kutoa milioni 180 mazungumzo yangebadilika.

Angalia pia mtego mwingine hapo. Kwenye vitabu mashine hiyo bado ina thamani ya sh. milioni 144, na ikiuzwa kwa 60 itaandikwa hasara ya milioni 84. Wapo wakurugenzi ambao hukataa kuuza mashine kwa kuogopa mstari huo mmoja kwenye hesabu za mwaka, hata pale ambapo kuuza kungewafaa. Hasara hiyo ya vitabu haina mdomo katika uamuzi huu, kama vile uchakavu usivyo nao.

Kinachostahili sauti, na ambacho hakimo kabisa kwenye karatasi ya mhasibu, ni nafasi. Chumba cha kupulizia kingeweza kufanya nini kingine? Kama jirani yuko tayari kukipanga kuwa ghala kwa sh. milioni 3 kwa mwezi, kutengeneza bado kunashinda kwa milioni 1.8. Lakini kama soko la madumu makubwa ya maofisini limefunguka, na chumba hicho kikiwekewa mstari wa madumu kitabakiza sh. milioni 6 kwa mwezi baada ya gharama zake zote za ziada, basi uamuzi unageuka: kununua chupa kunaleta nafuu ya sh. milioni 1.2. Chupa haikubadilika, muuzaji hakubadilisha bei. Kilichobadilika ni kazi nyingine iliyokuwa inasubiri mlangoni. Katika uzoefu wa mwandishi huyu, hili ndilo fungu ambalo wenye viwanda hulisahau kuliko yote, kwa sababu hakuna ankara inayolikumbusha.

Aliye na mashine na asiye nayo

Sasa tumweke mwenzake, anayefungua kiwanda kipya cha maji, naye anatarajia chupa 200,000 kwa mwezi. Hana mashine. Kwake yeye zile sh. milioni 240 bado ziko mkononi, au tuseme bado ziko benki zikisubiri saini yake. Atalazimika kuzirudisha kwa sh. milioni 4 kwa mwezi kwa miaka mitano, na tukikadiria riba ya asilimia 17 juu ya wastani wa deni la milioni 120, anaongeza milioni 1.7. Msimamizi ni milioni 1.2. Jumla ni sh. milioni 6.9 kila mwezi kabla ya kupuliza chupa ya kwanza.

Kila chupa anayopuliza inamwokolea sh. 30, yaani sh. 150 za muuzaji kutoa sh. 120 za prifomu, umeme na vibarua. Gawanya milioni 6.9 kwa 30, unapata chupa 230,000. Chini ya hapo anunue, juu ya hapo apulize. Kwa kuwa soko lake ni 200,000, mashine itamtia hasara ya sh. 900,000 kwa mwezi.

Viwanda viwili, chupa ile ile, idadi ile ile, bei ile ile ya muuzaji: mmoja atengeneze, mwingine anunue. Ndiyo maana ushauri wa barazani wa aina ya "fulani ananunua na mambo yake yanakwenda" hauna thamani kubwa. Fulani alianza lini, na mashine yake imelipwa na nani?

Aidha, ile namba ya 230,000 inategemea sana bei ya muuzaji. Kama sh. 150 ni bei ya kiwandani kwake na si mlangoni kwako, iongezee usafiri. Chupa tupu ni mzigo wa hewa. Lori linalojaa chupa limebeba uzito mdogo sana, ilhali prifomu za idadi hiyo hiyo hukaa katika sehemu ndogo ya lori. Hii ni sababu mojawapo inayowafanya wenye viwanda vya maji wengi duniani kupulizia chupa zao pale pale zinapojazwa. Usafiri ukifika sh. 12 kwa chupa, nafuu ya kujitengenezea inakuwa sh. 42, na kikomo kinashuka hadi chupa kama 164,000. Hapo mgeni wetu naye anakopa na kununua mashine.

Funzo la klinka

Wasomaji wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam wameliona suala hili likichezwa kwa fedha kubwa zaidi, katika saruji. Saruji ni klinka iliyosagwa pamoja na jasi na viongezeo vingine, na klinka ndiyo yenye gharama: mawe ya chokaa na udongo huchomwa katika tanuru linalofikia nyuzi joto kama 1,450. Kiwanda cha saruji kinaweza kuchoma klinka yake, au kikanunua klinka kwa wengine na kubaki na kazi ya kusaga na kufunga mifuko.

Tanga Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba, waliamua kujitosheleza. Tanuru lao la pili, lililogharimu takriban dola milioni 152, lilianza kazi mwaka 2016. Kwa hesabu ya gharama ya kila tani, kuchoma mwenyewe kulikuwa na mantiki. Lakini tanuru ni kama ile mashine ya mgeni wetu: linataka wingi. Mwezi Oktoba 2015 kiwanda cha Dangote kilikuwa kimezinduliwa Mtwara kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, bei ya mfuko ikashuka sokoni, na Tanga Cement ikajikuta na mkopo wa tanuru katika soko lenye saruji tele. Katika miaka iliyofuata kampuni iliandika hasara, gharama za mkopo zikiwa sehemu ya mzigo.

Haitakuwa haki kusema uamuzi ulikuwa mbaya. Tanuru lipo, na mara likiisha kujengwa hesabu inageuka kuwa ya yule mwenye mashine: klinka ya ndani hulinganishwa na mafuta, umeme na mawe tu. Walionunua hisa baada ya bei kuanguka walinunua tanuru ambalo wengine walikwisha kulilipia maumivu yake. Ila aliyenunua hisa mwaka 2015 kwa kusikia kwamba kampuni "itapunguza gharama" alipaswa kuuliza tani ngapi, na kwa deni gani.

Klinka inatuonyesha pia kwamba mlinganyo unaweza kubadilishwa na serikali kwa siku moja. Mwezi Julai 2023 Kenya iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayotoka nje. Wasagaji waliokuwa wakinunua nje wakapandishiwa gharama, na wenye matanuru wakapata kinga ambayo hawakuilipia kwenye mashine. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25 na kuongezewa kiwango cha asilimia 35 mwaka 2022, umejengwa kwa mantiki hiyo hiyo ya kutoza zaidi kadiri bidhaa inavyokaribia kukamilika. Anayeagiza kipuri kilichokamilika kutoka nje huenda akajikuta katika ngazi ya juu kuliko anayeagiza malighafi yake. Muulize wakala wa forodha kabla ya kumuuliza mhasibu.

Na kodi ya ongezeko la thamani isisahauliwe. Aliyesajiliwa VAT alinganishe bei zote bila kodi, kwani asilimia 18 anayolipa hujidai. Fundi mdogo asiyesajiliwa hana pa kujidai. Kwake chupa ya sh. 150 ni sh. 177. Kodi hiyo inapanda pia kwenye prifomu na umeme wake, lakini haipandi kwenye ujira wa vibarua wala mshahara wa msimamizi. Kwa bei hizi hizi, ile tofauti ya sh. 24 kwake inakuwa zaidi ya sh. 31.

Kabla ya kujibu barua

Turudi kwa mwenye kiwanda na barua yake mezani. Namba anayopaswa kuwa nayo kichwani ni sh. 126. Juu ya hapo apulize mwenyewe, isipokuwa akiwa na kazi nyingine ya chumba kile. Akimwambia muuzaji namba hiyo waziwazi huenda akachekwa, lakini hiyo ni shida ya muuzaji.

Hata muuzaji akishuka mpaka 120 yapo mambo ya kuandikiana kwanza. Bei itadumu kwa muda gani? Malighafi ya plastiki hii hununuliwa kwa dola, na dola iliyokuwa kama sh. 2,300 mwishoni mwa 2022 ilipita sh. 2,600 katikati ya 2024. Prifomu itapanda kwa wote wawili. Kinachojadiliwa ni nani atabeba, na bei itatazamwa upya baada ya miezi mingapi. Kalibu ni ya nani? Kama umbo la chupa ndilo linalotambulisha maji yako, kalibu iwe mali yako hata ikikaa kwake. Chupa zilizobonyea njiani zinahesabiwa kwa nani? Na joto la Desemba hadi Machi likifika, wakati kila kiwanda cha maji Dar es Salaam kinataka chupa, lori la kwanza litakwenda kwa nani?

Ipo njia ya katikati ambayo muuzaji huwa hapendi kuitaja. Mashine ya mfano wetu inatosha chupa 200,000. Msimu wa joto ukidai 260,000, zile 60,000 za ziada haziwezi kupulizwa ila kwa kununua mashine nyingine ya sh. milioni 240 kwa kazi ya miezi minne. Kwa hizo tu, sh. 150 ni bei nzuri, ilimradi maji yenyewe bado yanabakiza kitu baada ya kuilipa. Mwenye kiwanda anaweza kumwandikia muuzaji kwamba barua yake imepokelewa, na kwamba angependa kuagiza chupa 60,000 kwa mwezi kuanzia Desemba.